Kwa Kaka Ezekieli, Uliyesimama Mstari wa Tatu

Kaka yangu Ezekieli,

Lulu amepiga dole. Sasa hivi, hata dakika tano hazijapita. Nilimwacha kwenye kigoda akichambua nywele bandia, nyeusi huku, kahawia kule, nikageuka kummalizia mteja kisogoni. Niliporudi nikamkuta amefungua kile kikopo cha wino, amechovya dole gumba, amelikandamiza kwenye karatasi yangu. Tena si pembeni. Katikati kabisa ya mstari wa kumi. Dole dogo kama punje ya harage. Akaninyanyulia mkono wa buluu, akasema, "Ngiqedile, Mama," kwa Kizulu chake cha chekechea, yaani kazi ameimaliza.

Nimecheka. Halafu nimekaa chini.

Mistari mingine tisa ina madole ya watu wazima, kila moja na jina lake. Ule wa kumi ndio uliobaki mtupu, na nimekuwa nikiutafutia mtu tangu Jumatatu. Karatasi ni moja tu, katibu hatoi nyingine, na anaitaka mezani kwake leo saa kumi. Hapa ninapokuandikia ni saa nane.

Ni karatasi ya kugombea, kaka. Nagombea uenyekiti wa Umoja wa wasusi, vinyozi, mafundi cherehani na wachuuzi wa mtaa wetu. Mimi, mdogo wako, niliyeishia darasa la saba, nagombea kiti kile kile ulichokigombea wewe.

Nakuandikia hapa, kwenye kundi la simu la watu wetu wa Rosettenville, kwa sababu namba yako haipatikani tangu uondoke, na sijui uko Durban au Musina. Najua humu yumo mtu anayejua uliko. Huyo akufikishie. Naituma kipande kwa kipande, nikimaliza kimoja nakiachia kiende, maana nikikaa nacho nitaogopa nikifute. Na kwa kuwa hapa saluni sijui nitaitwa saa ngapi, jina naliweka mapema: ni mimi, mdogo wako Rehema, Mama Lulu.

Unakumbuka chumba cha Bertrams? Tulikigawa kwa kitenge, wewe upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, na siku za mpira kelele za uwanjani zilikuwa zinaingia mpaka ndani ya sufuria. Ulikuwa unanyoa watu chini ya ngazi, mteja umemkalisha kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mkono wako ulikuwa mwepesi. Watu walikuwa wanashuka kutoka ghorofa ya nne na taulo shingoni. Kisha tukahamia huku kusini, tukaambiwa huku hakuna kunyoa hovyo, huku kuna Umoja, na Umoja una mhuri. Bila barua yenye mhuri huweki kiti. Huhami upande wa barabara. Husuki Jumatatu. Wewe barua yako uliingoja miezi saba. Mashine za kunyolea ulizifunga kwenye taulo, kila Jumapili unazifungua, unazipaka mafuta, unazifunga tena.

Nakumbuka jioni moja ya mwezi ule wa saba, umekaa kitandani, mashine mapajani. "Rehema," ukasema, "mtu ana kichwa chake. Mimi nina mikono yangu. Huyu wa tatu aliyekaa katikati yetu na mhuri katokea wapi?"

Nikakujibu, "Kula, ugali unapoa." Sikujua kwamba hapo ndipo siasa ilipokuingia.

Wewe mambo ya Umoja unayajua, lakini humu wanasoma na wageni, basi uniwie radhi nikiyapanga. Umoja una pande mbili. Walio juu ya zile taa za barabarani tunazoziita robot ni watu wa Juu, wako na Papa Zakari. Walio chini yake ni watu wa Chini, wako na Bwana Msuya. Zamu hii wanaongoza hawa, zamu ijayo wale. Ukifika mgeni hawakuulizi jina kwanza. Wanakuuliza, "Wewe ni wa Juu au wa Chini?" Wewe uliwajibu kwamba wewe ni wa Kigoma. Wakacheka, wakadhani ni utani.

Halafu ukaanza kusema huku unanyoa, na mteja hathubutu kutikisa kichwa. "Hawa wanagombana nani aushike mhuri. Mimi nataka mhuri wenyewe ufungiwe kabatini. Mtu mzima haombi ruhusa ya kuchana nywele." Wengi walikubali. Walikubali wakiwa kwenye kiti chako, wakishuka kwenye kiti wanatazama huku na huku kabla ya kuvuka barabara.

Ile redio yako ndogo, siku moja ikatangaza habari za Marekani. Ikasema huko nako kuna vyama viwili vikubwa, na kuna watu wa chama kidogo wanaosema serikali ipungue, kila mtu aachwe na kazi yake na nyumba yake. Wakisimama kugombea hawaitwi kwenye mdahalo kwa sababu hawajulikani. Na hawajulikani kwa sababu hawaitwi. Ulizima mashine ukacheka mpaka mteja akageuka kukutazama. "Kumbe hata huko!" ukasema. Ulifurahi kama aliyepata ndugu.

Wiki iliyofuata ukalijua vizuri jambo lile. Siku ya wagombea kujieleza, meza ya mbele ilikuwa na viti viwili. Ukauliza cha tatu kiko wapi. Katibu akasema, "Viti ni viwili tangu Umoja uanze, Ezekieli, usituvurugie ukumbi." Ukasimama mkutano mzima mikono nyuma, kama mtoto aliyechelewa shule. Papa Zakari akasema, Bwana Msuya akasema, wewe ukaambiwa uulize swali kama mwanachama yeyote. Watu wa Juu wakanong'ona umetumwa na Chini uwagawe. Watu wa Chini wakanong'ona umetumwa na Juu.

Na yule mama wa mabeseni ya samaki akasimama. "Ezekieli, mhuri ukienda kabatini, mtu akifia huku nani atamrudisha kwao?"

Ukajibu, "Tutachanga kwa kupenda."

"Kwa kupenda!" akapiga makofi. "Kaka, hapa hata chumvi huipati kwa kupenda!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wewe ukarudisha mikono nyuma. Nilikuwa nyuma na Lulu mgongoni, nikatafuta jibu la kukupa.

Saa tisa kasoro robo. Simu ya Salima, msusi mwenzangu wa kiti cha pili, mwenye dole la kwanza kwenye karatasi, inalia kila nikituma kipande. Anasoma huku anasuka. Amenitazama kwenye kioo. "Wee Mama Lulu, utafika kule kwenye siku ya kura?" Nafika, Salima. Ndiko ninakokwenda.

Kura yetu ni ya migongo. Hakuna karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani kwenye ile gereji iliyofungwa, nyuso zao ukutani, watu wanajipanga nyuma yao. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe, eti asimtishe mtu kwa macho. Ukiisikia ni sheria nzuri. Lakini sisi tunaojipanga tunaonana wote. Aliyekupa barua ya kiti anakuona umesimama wapi.

Mlipogeukia ukuta, nyuma yako tulikuwa kumi na wanne. Nilihesabu mara mbili kwa furaha. Mimi nilikuwa wa pili, Lulu mgongoni, miezi saba, analilia meno. Mstari wa Juu ulikuwa umezunguka mpaka getini, wa Chini vilevile. Macho ya watu yanakwenda huku, yanakwenda kule, yanapima. Kisha wakaja kutunong'oneza. "Mnapoteza kura." "Huyu hashindi hata mkilala hapa." Mmoja akatoka. Wakatoka wawili. Mama mmoja akaondoka kinyumenyume, polepole, asionekane anakimbia.

Mke wa Bwana Msuya akanijia sikioni. "Mama Lulu, unamjua Papa Zakari. Akishinda, watoto hawaingii tena saluni. Huyo mgongoni utampeleka wapi? Tumepungukiwa watu wachache tu. Ukibaki hapa umempa Papa Zakari ushindi kwa mkono wako."

Nikatoka, kaka.

Sikumtaka Bwana Msuya. Nilikuwa namkimbia Papa Zakari. Nilivuka ile nafasi kati ya mistari, hatua kama kumi na mbili, na hatua zote hizo Lulu alikuwa analia. Wewe umetazama ukuta. Hukugeuka. Lakini niliiona shingo yako ikikakamaa. Mtoto huyu ulimpakata siku aliyozaliwa, ukamwogesha, kilio chake unakijua kuliko baba yake anayelala mchana kwa sababu ya ulinzi wa usiku kule Berea. Ulikisikia kikitoka nyuma yako, kikaenda kushoto, kikasimama kwenye mstari wa Bwana Msuya.

Walipofika kwako walihesabu tatu.

Jioni ulikula chakula chako ukamaliza. Uliniuliza jambo moja tu. "Mtoto amenyamaza?" Nikasema amenyamaza. Baada ya wiki mbili ukaondoka na mashine zako kwenye lile taulo, na mpaka leo hakuna aliyelitaja jambo hili, si wewe wala mimi. Sasa nimelitaja, na mbele ya watu wote.

Natuma hiki kabla mkono haujarudi nyuma.

Kimekwenda. Salima ameacha kusuka. Mteja wake ananitazama. Eish, nimesimama, nimekaa, nimefagia mahali palipokwisha fagiwa.

Basi niendelee. Bwana Msuya alishinda, na mwezi wa nne wa uongozi wake akaleta sheria ya kuzuia watoto saluni. Bwana Msuya huyo huyo! Na Papa Zakari akaipigia makofi. Yale niliyoyakimbia yalikuwa yananingoja kule nilikokimbilia. Siku hizi mkaguzi wa Umoja akipita na filimbi yake, Lulu mwenyewe anaingia chini ya meza, nyuma ya kapu la nywele, anaziba mdomo kwa mikono miwili. Sikumfundisha. Ana miaka minne kasoro na ameshajifunza kujificha. Wiki iliyopita mkaguzi alikaa kupiga soga, Lulu akakaa kule chini mpaka akajikojolea, na hakutoa sauti. Nilimbadilisha nguo, nikaenda moja kwa moja kwa katibu kuchukua karatasi.

Madole yanatafutwa kwa shida, kaka, sasa ndiyo najua ulichopitia. Sharti yawe ya watu wenye viti, na kila kiti kilitoka kwa Juu au kwa Chini. Mmoja aliniambia, "Nakupenda, Mama Lulu, ila dole langu lina watoto watatu nyuma yake." Mwingine akapiga, kisha akaniomba, "Usimwambie mume wangu." Nikamwambia majina yatabandikwa ukutani, dada. Akafikiri. "Basi na ayaone ukutani. Mimi sitakuwa nimemwambia." Jumanne asubuhi nilisikia nimetumwa na Juu. Mchana nikasikia nimetumwa na Chini, na sijaondoka hata kwenye kiti changu. Na Papa Zakari ameshaanza kusema kwamba "suala la watoto linaweza kuangaliwa upya". Sijafika hata kwenye meza yao ya viti viwili, tayari wameninyofolea kipande cha maneno yangu.

Lakini nina matumaini, wewe unanijua. Na lile jibu lililokupotea ukumbini nimelipata. Nilipojifungua Lulu sikupika siku arobaini. Kulikuwa na uji, kulikuwa na mchuzi wa samaki, kulikuwa na yule mama wa ghorofa ya pili ambaye mpaka leo simjui jina. Watu wa Juu na watu wa Chini walipishana mlangoni kwetu na sufuria. Hata huyo mama wa mabeseni alileta! Hakuna sufuria iliyogongwa mhuri. Ungewaambia hivyo wangekumbuka, maana sufuria zilikuwa zao. Nadhani hukukumbuka kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaziosha.

Mimi sisemi mhuri ufungiwe kabatini, hapo tutabishana ukirudi. Nasema ukae mezani. Anayeutaka agongewe, asiyeutaka apite na kiti chake. Na kura ipigwe nyuma ya pazia la kitenge, kama lile letu la Bertrams, kila mtu abaki na moyo wake.

Saa tisa na robo. Salima amekuja kulitazama dole la Lulu kwa karibu. "Andika jina la mtu yeyote hapo pembeni," amesema. "Nani atapima ukubwa wa dole?"

"Katibu ana macho, Salima."

"Katibu ana miwani. Na leo kaisahau nyumbani, nimemwona."

Tumecheka wote watatu, Lulu amecheka zaidi bila kujua kitu. Lakini siwezi. Nimeshahama mstari mara moja.

Mtu wa kumi niliyemtaka ni mmoja tu, na ndiye aliyenikatalia. Mzee Byamungu, yule fundi cherehani wa Bukavu mwenye kiti cha Umoja, zamani karibu na geti. Alikuwa mmoja wa wale watatu waliobaki nyuma yako. Baada ya uchaguzi walimhamisha na cherehani yake mpaka nyuma ya vyoo vya gereji, na tangu siku ile salamu yangu haitikii. Jumatatu nilimwendea hivyo hivyo.

"Unataka nini?"

"Dole lako, Mzee."

Akaendelea kukanyaga cherehani, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambako watu ni batu. "Siku ile batu walituhesabu. Moja, mbili, tatu. Mtoto wako alikuwa hajamaliza kulia, bo bakamaliza kuhesabu."

"Najua, Mzee."

"Ezekieli alikuwa na dada. Dada alienda wapi?"

Nikasema alikwenda kwa Bwana Msuya. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Akakata uzi kwa meno.

"Kidole iko, mama. Lakini mi unaniambia peke yangu, huku nyuma ya choo. Ambia batu. Ukishaambia batu, tutaongea."

Nimekaa na maneno yake siku nne. Leo Lulu alipopiga lile dole lake bila kumwogopa mtu yeyote, nikachukua simu.

Kwa hiyo batu wameambiwa, kaka. Na wewe umeambiwa. Sikuandiki ili unisafishe. Ulikuwa na haki ya kuwa na mdogo wako nyuma yako, hata kama tungebaki sisi wawili na mtoto analia. Naomba unisamehe. Ukiweza leo, leo. Ukiweza mwakani, nitakuwepo.

Saa tisa na nusu imepita. Kutoka hapa mpaka kwa katibu ni dakika kumi nikikimbia, kumi na tano na Lulu. Karatasi nimeikunja, nimeikunjua. Nisipopata mtu nitaipeleka hivyo hivyo, na madole yangu tisa na hicho kidole cha mtoto, waikatae wao, nisijikatae mwenyewe.

Na wakiipokea, Jumamosi ijayo nitasimama nimetazama ukuta. Nimeshaufikiria ule ukuta, una ufa na alama za mafuta ya magari. Sitaona ni nani yuko nyuma yangu na nani ameondoka. Ila kikohozi chako nakijua, kaka, kile cha mara mbili cha asubuhi. Ukija hata kwa nusu saa, usiniite, usinishike bega. Kohoa tu. Nitajua. Na usipokuja nitasimama mpaka wamalize kuhesabu, hata wakianzia na Lulu wakaishia na Lulu.

Jambo la mwisho nililotaka ulijue ni kwamba siku ile nikiwa katikati ya mistari niligeuka nikakutazama, na nilikuwa karibu kabisa kuru

Ngoja, Salima ananiita kutoka mlangoni, anapiga kelele barabara nzima isikie, "Mama Lulu, weka hiyo simu! Mzee Byamungu huyu hapa, kakimbia na futi yake shingoni, amevua kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni, anasema yote ameyasoma kwenye kundi, wino uko wapi, dole lake ni nene, la mtoto litafunikwa lote bila